Karatasi ya Bi Tabu

Pili alizikwa Kibiti siku ya Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walipobeba jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani na mchele wa watu wengi. Mimi, kwa kuwa magoti yangu hayataki tena kuchutama, nilipewa kiti cha plastiki karibu na masufuria na beseni la vitunguu. Hapo ndipo nilipomsikia binti mmoja, Zena, mpwa wa mume wa Pili, akimtania mwenzake ambaye mumewe yuko Dar es Salaam na amemwahidi simu mpya. "Simu?" alisema Zena bila kuinua macho kwenye ungo. "Shoga, hiyo ni karatasi ya Bi Tabu." Wenzake wakacheka, kisha wakaziba midomo kwa kanga wakikumbuka wako msibani. Nikamwuliza, "Bi Tabu ni nani, mwanangu?" Akanitazama kwa adabu. "Wala simjui, bibi. Ni msemo tu wa kwetu delta. Kitu kinachosemwa kipo, na hakipo."

Nikarudisha macho kwenye beseni. Vitunguu vina stara yake, hakuna anayekuuliza unalia nini. Nilinyamaza, na hiyo ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kunyamaza kwa habari ya karatasi ile. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto. Safari hii sikuwa na udhuru huo, na mtu mmoja tu aliyejua pamoja nami alikuwa anafukiwa mchanga saa ileile. Nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, sasa nimestaafu na ninaishi Bungu, hatua chache kutoka barabara ya lami, na kitu nilichojifunza katika kazi hiyo ni kwamba jambo gumu huelezwa polepole, kuanzia mwanzo wake. Basi nitaanza mwanzo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikikaa na shangazi yangu, Bi Tabu, katika kijiji cha delta, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi kutoka Kiongoroni. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda. Mumewe, Mzee Saidi, alikuwa amemwachia shamba moja la mpunga na hakumwachia mtoto. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto na ulimi wa kumrudisha, lakini miezi ile ya kwanza alisema kidogo. Alichopenda ni kusomewa. Yeye alijua sura zake za sala kwa moyo, ila maandishi hayakuwa yake, nami chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, nilikuwa nimekwisha pita juzuu nyingi na kusaidia wadogo. Kila jioni baada ya kula alikuwa akiniambia, "Siku, nisomee." Jina langu ni Sikudhani, lakini yeye alilikata. Ningeweza kumsomea chochote: Yasini, barua ya baba yangu, maneno yaliyoandikwa kwenye kopo la dawa ya mafua. Alisikiliza vyote kwa heshima moja.

Mpunga ulipoanza kutia maziwa tulihamia dunguni. Asiyelijua dungu nimweleze. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, sakafu yake fito, paa lake makuti, na ngazi yake huvutwa juu wakati wa kulala kwa ajili ya nguruwe na viboko. Watu huhama kijijini na kuku wao na masufuria yao, kwa sababu shamba lisilo na mtu ni karamu ya ndege. Kazi yenyewe huitwa kuamia ndege. Unaamka kabla yao, unapiga debe, unapiga mayowe, unarusha udongo kwa teo, na unapumzika wao wanapopumzika jua likiwa kali. Wakati huo darasa letu lilikuwa nusu tupu, na mwalimu alijua sababu, kwa kuwa naye alikuwa na dungu. Chumba chetu cha juu kilikuwa na upana wa mikeka miwili. Pembeni, juu ya udongo uliosiribwa, palikuwa na jiko la mafiga matatu, na moshi wake ulijikusanya chini ya paa mpaka makuti yakawa meusi na ya kung'aa. Tulikula ugali wa muhogo na kamba wa kukausha, siku nyingine ndizi za kuchoma, huku tukiutazama wali wetu ukiwa bado umesimama shambani. Madungu ya jirani yalikuwa mbali kiasi cha kuitana, na wanawake walizungumza kutoka dungu hadi dungu kama watu walio chumba kimoja. "Bi Tabu, ndege wako wamekuja kula kwangu," mama yake Pili aliita asubuhi moja. "Wapokee," Shangazi akajibu, "kwako ndiko walikozoea uvivu."

Pili alikuwa wa dungu hilo la jirani. Tulikuwa umri mmoja, lakini yeye alikuwa na mikono, nami nilikuwa na macho. Hivyo ndivyo watu walivyotugawa. Mimi nilisoma, Pili alisuka, alifuma, alitega, alikunja. Kukunja ndege ya karatasi alifundishwa na kaka yake aliyewahi kukaa mjini, naye akaifanya kazi yake. Wazo la kuzitumia shambani lilikuwa lake pia. Aligundua kwamba kweleakwelea wakishazoea debe hawaliogopi tena, lakini kitu kinachokuja juu yao kimya, chenye mabawa yasiyopigapiga, huwafanya wainuke wote kwa pamoja kama shuka lililokung'utwa. Huenda walidhani ni mwewe. Basi tukawa tunasimama ukingoni mwa sakafu ya dungu na kuwarushia ndege ndege, na Pili hakuchoka kuucheka utani huo.

Wajukuu wangu wananiomba niwafundishe, nami huwafundisha kama yeye alivyonifundisha. Chukua karatasi iliyonyooka. Ikunje kati kwa urefu, pitisha ukucha, ifungue. Sasa una mstari wa uti wa mgongo, na kila kitu kinafuata huo. Leta pembe mbili za mbele zikutane kwenye uti, usiziache zipishane hata unywele, kwa maana kosa dogo la mwanzo huwa kubwa angani. Zilete tena mara ya pili. Pua ikiwa nyembamba na nzito, funga, kisha shusha mabawa. Mwisho inua mkia kidogo sana, kama unavyoinua ukurasa kutazama kilichoko nyuma. Ikipiga mbizi, mkia haujainuka. Ikipanda na kuanguka kinyumenyume, umeuinua kupita kiasi. Usiikasirikie, irekebishe, rusha tena. Pili alikuwa na subira hiyo kwa karatasi, ingawa kwa watu hakuwa nayo.

Shida yetu ilikuwa karatasi zenyewe. Tulianza na kurasa za kati za madaftari yetu, mpaka madaftari yakalegea. Tukajaribu karatasi za sukari, zikawa laini mno, na za mifuko ya saruji, zikawa nzito mno. Ndege nyingi zilianguka kwenye maji yaliyokuwa bado yamesimama chini ya mpunga, na karatasi iliyolowa haifufuki. Hivyo macho ya Pili yakaanza kupanda juu, kwenye makuti.

Kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haikanyagwi wala haitupwi. Ukiikuta njiani, hata kipande cha ukubwa wa kucha, unaiokota, unaibusu kama una adabu, na unaichomeka juu, kwenye makuti, mahali ambapo mguu wa mtu hautafika. Hakuna anayeuliza imeandikwa nini, herufi zenyewe zinatosha. Kwa hiyo kila paa lilikuwa na kichaka chake cha karatasi: kurasa za juzuu zilizochakaa, aya za kulinda mpunga na wadudu, barua za watu waliokwisha kufa. Maana wazee wetu, hata Kiswahili, waliandika kwa herufi hizo. Shangazi alikuwa amezihamisha za nyumbani na kuzileta dunguni zote, kwa sababu nyumba ya kijijini ilibaki bila mtu.

Na nilikuwa nimesikia. Hili lazima niliseme kabla sijaendelea. Siku chache kabla Pili hajagusa makuti yetu, mama yake alikuwa amekuja kuomba moto, wakazungumza chini ya dungu na Shangazi, nasi juu tukimenya ndizi. "Athumani anakuja," alisema mama Pili. Athumani alikuwa ndugu wa marehemu, akiishi Umwe. "Anasema shamba la ndugu yake ni urithi, ati wewe unalikalia." Shangazi alijibu bila haraka, "Aje. Marehemu alinipa akiwa hai, tumelifyeka pamoja msitu ukiwa msitu. Karatasi ninayo." Nililisikia neno karatasi kwa masikio yangu. Lakini karatasi yenye nguvu, katika akili yangu ya mtoto wa shule, ilikuwa ile ya ofisini: nyeupe, iliyopigwa mashine, yenye muhuri wa mviringo. Nilidhani iko kijijini, kwenye sanduku. Haikunipitikia kwamba karatasi yenye nguvu inaweza kuwa na rangi ya chai na harufu ya moshi.

Ilikuwa asubuhi, ndege walikuwa wengi kuliko siku zote, na Shangazi alikuwa chini akitengeneza tuta. Pili aliingiza mkono kwenye makuti, karibu na nguzo ya tatu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaifungua, akaipima kwenye viganja. "Hii ina mwili," alisema. "Hii itavuka shamba zima."

"Irudishe. Ina herufi."

"Wewe si ndiye unayewasomesha wenzio chuoni? Soma basi. Kama ni maneno ya Mungu, narudisha sasa hivi. Kama si ya Mungu, ni karatasi kama karatasi."

Swali lilikuwa la haki, na nilifurahi kuulizwa. Nikaishika. Juu kabisa palikuwa na Bismillahi, imeandikwa kwa mkono mzuri, herufi yake ya mwisho, mim, ikiwa na mkia mrefu kama samaki mkunga. Chini yake maneno yalibana. Kiswahili kwa herufi hizo si chepesi kusoma, maana sauti nyingine hazina herufi zake na msomaji hukisia, lakini nilikokota neno kwa neno mpaka nikapata: *Ama baada ya salamu, khati hii.* Hapo nikaacha. Nilikuwa nimepata nilichoulizwa. "Ni Kiswahili tu," nikasema. "Barua ya salamu."

"Na hiyo Bismillahi?"

Hapo sasa tukafanya jambo ambalo tulijisifu nalo siku nzima, kwa vile tulikuwa watoto wenye dini. Jina la Mungu halirushwi likaanguke kwenye tope. Pili aliikunja karatasi chini kidogo ya mstari wa kwanza, akapitisha ukucha mara mbili, akaulowesha mkunjo kwa ulimi, akachana taratibu, na ule ukanda ukatoka umenyooka kama uzi wa fundi. Nikaubusu. Nikauchomeka mahali palepale, karibu na nguzo ya tatu. "Tena imekuwa afadhali," Pili alisema, akianza kukunja, "ilikuwa ndefu mno."

Sijaona tena ndege ya karatasi iliyoruka vile. Aliiachia tu, hakuitupa. Ilishuka kidogo, ikashikwa na upepo, ikapanda, ikakata kushoto juu ya mpunga, na kweleakwelea wakainuka mbele yake mafungu kwa mafungu mpaka mwisho wa shamba. Shangazi aliinua mgongo, akaweka mkono juu ya macho. "Ee, hiyo nayo ni ndege," alisema. Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka tangu nifike, nilisimama pale juu nikisikia kifua changu kinajaa. "Irusheni tena."

"Imeanguka, Shangazi. Kule majini."

"Basi tengenezeni nyingine kama hiyo."

Athumani alikuja yapata wiki mbili baadaye, mchana, akifuatana na mwalimu wetu wa chuo na mzee mmoja wa kijiji. Wakatandikiwa mkeka kwenye kivuli chini ya dungu, wakaletewa mihogo ya kuchemsha na kahawa. Pili na mimi tulikuwa juu, tukiwatazama vichwa kupitia nafasi za fito. Nilitarajia mtu wa kutisha, nikaona mzee mpole mwenye kikohozi, aliyekula muhogo wake wote na kuushukuru. "Shemeji," alisema, "sikuja kugombana nawe. Marehemu hakuacha mtoto, na mjane asiye na mtoto fungu lake ni robo. Hilo si neno langu. Wewe unasema alikupa shamba zima. Huenda. Alikuwa mtu wa kutoa. Nionyeshe alichoandika, na mimi hapa mbele ya mwalimu nitafunga mdomo, na mpunga huu nitakuvunia kwa mikono yangu."

"Hayo ni maneno ya mtu mzima," Shangazi akasema. "Mashahidi wake wote wawili wametangulia, lakini mkono wake upo." Akapanda ngazi.

Alipanda kama mtu anayekwenda kuchukua kijiko. Hakututazama. Akainua mkono moja kwa moja kwenye makuti, karibu na nguzo ya tatu, akatoa alichokishika, akakiona ni kifupi. Akarudisha mkono, akatoa nyingine, nyingine, aya za wadudu, kurasa za juzuu, akiziweka gotini moja moja, mpaka paa likawa tupu. Kisha akaurudia ule ukanda. Aliupeleka kwenye mwanga. Naona aliujua ule mkia wa mim, maana hata asiyesoma huujua mwandiko wa mume wake. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliochanwa, kutoka huku hadi huku, polepole, kisha akatutazama. Hakukawia. Alimtazama Pili mikono, na mimi alinitazama usoni. Pili alikuwa ameikalia mikono yake. Chini, mtu alikohoa.

Ningeweza kusema, "Tuliirusha." Neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni, lilikuwa na ladha ya ukanda ule nilioubusu. Lakini niliwaza: wataniuliza iliandikwa nini, nami sijui. Nilisoma mpaka nilipojua si Kurani, nikaacha. Shahidi gani huyo? Nimekwisha wasamehe watoto wengi kwa kunyamaza kwa sababu zilizo ndogo kuliko hiyo, na kila mara nimewaambia: hata kama hujui lote, sema ulilolijua. Maneno haya nilikuwa sina wakati ule. Sikuwa na mtu wa kuniambia.

Shangazi alishuka. "Mchwa," alisema. "Mchwa wameila. Kimebaki hiki."

Mwalimu wa chuo alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma kwa sauti, akakigeuza nyuma. "Ni Bismillahi," alisema.

"Basi?" Shangazi akauliza.

"Basi, Bi Tabu. Hakuna kingine."

Athumani, nadhani kwa aibu, alitafuta namna ya kuupunguza uzito wa mahali. Alichokipata kilikuwa mzaha. "Shemeji," alisema, "Bismillahi hata mimi ninayo nyumbani." Yule mzee wa kijiji akacheka, kidogo tu, kicheko cha mtu aliyeshiba. Kicheko hicho ndicho kilichopanda mtumbwi, kikaenda kijijini, kikavuka mito, na mwaka huu kikanikuta Kibiti nikichambua vitunguu.

Mwalimu aliyewahi kuniona nikisahihisha insha atajua kwamba sijaliacha hilo neno mchwa. Mchwa hula kwa kutoboa, huacha udongo, huanza pembeni. Mchwa hawachani kwa mstari. Shangazi alizaliwa kwenye nyumba za makuti, aliwajua mchwa kuliko mimi ninavyoijua chaki. Mbele ya watu watatu, shamba lake likiwa mkononi mwa neno lake, alichagua neno lililotuficha sisi. Kama angesema watoto wameichana, pengine wangemwamini kwamba ilikuwepo. Lakini nasi tungeshushwa kwenye ngazi ile, tungeulizwa, tungepigwa, na sifa ya kuchana karatasi yenye jina la Mungu ingetufuata mpaka siku ya kuposwa. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi tangu wakati ule, na kila mara jibu linakuwa lilelile, nami kila mara nalikataa, kwa sababu kulikubali ni kukubali kwamba alilipa shamba kwa ajili yangu nikiwa nimekaa juu yake nikimtazama.

Siku ya pili yake Pili na mimi tuliingia kwenye mpunga. Tulitafuta siku tatu, maji yakiwa kwenye muundi, tukisema tunaokota konokono. Tulipata ndege nyingi, zimekuwa uji. Ile ya karatasi ya Shangazi tuliijua kwa unene: bawa moja na sehemu ya pua, rangi ya chai. Tulilifungua juu ya jani. Wino ule wa zamani, wa masizi, ulikuwa umekwenda wote. Wanaojua kombe wataelewa nilivyoshtuka. Maneno huandikwa kwenye sahani, huoshwa, mgonjwa akayanywa. Haya yalikuwa yameoshwa, na shamba lilikuwa limeyanywa.

Wazee waligawa kwa haki, kama walivyoijua haki. Athumani alipata robo tatu za juu. Shangazi alipewa robo ya chini, upande wa mikoko, ambako maji ya chumvi hupanda wakati wa bamvua. Mpunga wa mwaka ule aliuvuna, Athumani akamsaidia kweli, siku mbili, na kikohozi chake. Msimu uliofuata bamvua kubwa iliingia robo ile na mpunga ukageuka mwekundu. Alifunga mikeka yake, akaja Bungu, akakaa kando ya barabara akiuza mihogo na vitumbua kwa wasafiri, na hapo alikufa nikiwa chuo cha ualimu. Sikumwambia kamwe. Naye hakuniuliza, hakunipiga, hakubadili sauti. Chakula changu kilikuwa kilekile, na siku za kamba aliniwekea wakubwa. Kitu kimoja tu. Tangu siku ile mpaka narudishwa nyumbani mwisho wa mwaka, hakuniambia tena, "Siku, nisomee." Barua ya baba yangu ilipokuja, aliifunga kwenye pindo la kanga, akaipeleka kwa mwalimu wa chuo, akitembea nusu saa nzima juani, nami nikiwa nimekaa dunguni na macho yangu.

Watu huniuliza kwa nini nilikuwa mkali kwa jambo moja tu darasani. Nilisamehe uchelewaji, nilisamehe daftari lililoliwa na mbuzi. Lakini mtoto akiniambia, "Mwalimu, nimeelewa," kabla hajafika mwisho wa ukurasa, nilimrudisha juu akaanze tena. Polepole, bila fimbo. Soma mpaka kwenye jina la aliyeandika. Wengi wao sasa ni watu wazima na wananishukuru, nami huona haya kushukuriwa.

Siku ya kuanua matanga nilirudi Kibiti. Nilimkuta Zena uani na wenzake, wakisugua masufuria kwa majivu. Nilivuta kiti changu cha plastiki. "Zena, ule msemo wako."

"Upi, bibi?"

"Bi Tabu alikuwa shangazi yangu. Karatasi ilikuwepo. Niliishika."

Mikono ikasimama kwenye masufuria. "Ehe," mmoja akasema, "tupe, bibi." Nikawapa. Niliwaeleza kama nilivyoeleza hapa, dungu, nguzo ya tatu, ukanda, kicheko cha Shangazi akiwa chini kwenye tuta. Nilisema kwamba Pili, Mungu amrehemu, alikunja tu, na kwamba aliyesema karatasi ile ni halali kukunjwa ni mimi. Kuku walikuwa wameingia kwenye makombo na hakuna aliyewafukuza.

"Sasa iliandikwa nini?" Zena akauliza.

"Sijui. Nilisoma nusu mstari."

"Kwa hiyo huenda haikumpa shamba."

"Huenda," nikasema. Ilikuwa vigumu kulisema, lakini nilikuwa nimekuja kusema ninachokijua tu. "Ila nilimwona akipanda ngazi kwenda kuitoa. Asiye na kitu hapandi vile."

Zena alifikiri. Alichukua majivu mengine, akasugua kidogo, akaacha. "Basi si kitu ambacho hakikuwepo," alisema, kama mwanafunzi anayejisahihisha. "Ni kitu kilichokuwepo, kikakosa shahidi."

"Alikuwepo shahidi," nikamwambia. "Amechelewa."